Mwanangu Hasemi: Nianzie Wapi?

Swali: Mwanangu ana miaka mitano, hasemi, na shule mbili za chekechea zimemkataa. Daktari ametaja usonji. Nifanyeje? – Mama, Kangemi, Nairobi

Jibu: Mama, pole. Usingoje aseme ndipo umtafutie shule. Mpeleke kwanza kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kiitwacho EARC. Huko hupimwa anavyojifunza, kisha huelekezwa shule. Shule ya Msingi ya City, Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Pia msajili katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa ripoti ya hospitali ya umma.

Nyumbani, mwonyeshe picha ya maji kila akitaka kunywa. Mwalimu wake atumie picha hiyohiyo. Na wanaosema umelaaniwa wanakosea kabisa: usonji hutokana na jinsi ubongo unavyokua.