Warusha Ndege wa Jeshi Wanapopunguzwa Kazini

Swali: Serikali inapofuta aina fulani ya ndege za kijeshi, wanajeshi waliokuwa wakizirusha hubaki na matumaini gani ya kazi?

Jibu: Matumaini hayo hutegemea kiti alichokalia mtu ndani ya ndege kuliko cheo chake, kama ilivyodhihirika Uingereza mwezi Oktoba 2010, serikali ilipofuta mradi wa Nimrod MRA4, ndege ya doria ya baharini iliyokusudiwa kusaka nyambizi, na kuamua kuziondoa kazini ndege za kivita za Harrier. Rubani aliweza kuhamia mashirika ya ndege, ingawa saa alizoruka jeshini hazikumpa leseni ya kiraia moja kwa moja, kwa kuwa ilimpasa kufanya mitihani ya nadharia, upimaji wa afya na majaribio ya urushaji, gharama ambazo ni busara kuanza kuzibeba mshahara ungali ukiingia. Mwenye mashaka zaidi alikuwa mwendeshaji wa mitambo, yaani yule asomaye rada na vifaa vya kunasa sauti za chini ya maji, kwani ndege za abiria hazina kiti chake. Hata hivyo, ujuzi huo adimu haukutupwa wote: chini ya mpango ulioitwa Seedcorn, baadhi ya waendeshaji hao walipelekwa kutumika na majeshi rafiki, yakiwamo ya Marekani na Australia, na Uingereza ilipoamua mwaka 2015 kununua ndege 9 za doria ya baharini aina ya Poseidon, iliwahitaji tena. Poseidon ya kwanza ilitua Uskoti Februari 2020, zaidi ya miaka 9 baada ya Nimrod kufutwa, muda ambao ni familia chache ziwezazo kuusubiri bila mshahara.