Dondoo muhimu: Kumlisha na kumshika kondoo dume

- Wiki 6 hadi 8 kabla ya kupandisha, mwongezee pumba na mashudu kidogo kidogo hadi nusu kilo kwa siku. Mbegu zake huchukua takriban wiki 7 kukomaa.
- Majani yawe chakula kikuu na maji safi yasikosekane. Nafaka nyingi huleta mawe kwenye njia ya mkojo.
- Usimpe chumvi ya madini ya ng'ombe. Shaba iliyomo inaweza kumuua.
- Usimsukume wala kumpapasa kichwani angali mdogo. Unamfundisha kupiga watu.
- Madume wageni wafungie pamoja kwenye zizi finyu siku 2, wasipate nafasi ya kurudi nyuma na kugongana.
- Usimpe mgongo, na watoto wasiingie zizini. Hata dume mpole hubadilika msimu wa kupandisha.