Maji Matamu Katika Visiwa vya Chumvi

Katika visiwa vya Lamu, khasa Pate na Kiwayu, ambako hakuna mto upitao na ardhi yenyewe ni mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, maji matamu ni yale yashukayo wakati wa masika na vuli, pamoja na yale ya mvua zilizopita, yaliyonywea ardhini yakatulia juu ya maji ya bahari. Hutulia juu kwa sababu ni mepesi kuliko ya chumvi. Na kwa hisabu ya wataalamu, kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na futi 40 hivi za maji hayo chini ya usawa huo. Basi mwenye kufunga pampu kisimani akayavuta kwa pupa, huishusha ile futi moja, na bahari hupanda kutwaa mahali pa zile arubaini. Na kisima kikisha kuingiwa na chumvi, huenda misimu mingi ikapita kabla hakijarejea utamu wake. Aula ni kuteka kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na visima viwili vifupi ni bora kuliko kimoja kirefu.

Wazee wa visiwa hivyo walijenga jabia: sakafu pana ya chokaa iliyoinamishwa kidogo, ipokee mvua na kuiteremsha ndani ya hodhi iliyochimbwa ardhini, kazi ambayo, kwa rai yangu, yastahili heshima kubwa kuliko tuipayo leo. Mwenye nyumba ya bati naye anayo jabia yake juu ya kichwa chake, kwani milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Hivyo paa la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 25 usiku mmoja, hutoa lita 1,000, na hata tukitoa yarukayo na yamwagikayo, mapipa manne ya lita 200 hujaa.

Mvua ya kwanza iachwe imwagike, kwa kuwa ndiyo iliyosafisha mavi ya ndege na vumbi la kiangazi. Tangi lifunikwe kwa wavu usiopenya mbu, na maji yatolewe kwa bomba, si kwa kata ishikwayo na kila mkono. Jabia iliyo wazi, ipitiwayo na mbuzi, maji yake yasinywewe hata kidogo mpaka yachemshwe yakatokota barabara kwa dakika 1.

Ila kuchemsha hakuondoi chumvi, bali huizidisha, maana mvuke huenda zake na chumvi hubaki chunguni. Mvuke huo ndio wa kutafutwa. Sanduku la saruji lisilo kina, lililopakwa weusi ndani na kufunikwa kioo kilichoinama, likitiwa maji ya bahari na kuachwa juani, hutoa matone yatiririkayo chini ya kioo hadi kwenye mchirizi safi. Na kwa siku ya jua kali, kila mita 1 ya mraba ya kioo hutoa lita 3 au 4. Hayatoshi kuoga wala kufua. Yatosha mgonjwa na mtoto mchanga aliyeachishwa ziwa, nao ndio wapewe kwanza.