Programu ya mizani: ijaribiwe kwa chombo gani?

Mnunuzi wa mpunga wa Mamba, mkoani Katavi, anayeagiza programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za mizani na malipo, anashauriwa kuuliza swali moja kabla ya kumalizia fedha ya fundi: programu hiyo imejaribiwa kwa chombo gani?

Kwa mfano, magunia 40 ya kilo 85, kwa sh. 900 kwa kilo, ni sh. 3,060,000. Karani akibonyeza "Hifadhi", mtandao ukakatika, akabonyeza tena, daftari laweza kusoma sh. 6,120,000. Mkulima akishalipwa na kuondoka, kuirudisha ziada hiyo ni kazi nyingine.

Vyombo vya majaribio hubonyeza vyenyewe na kulinganisha majibu. Selenium ndiyo kongwe. Ilianza Chicago mwaka 2004. Ni ya bure, inakubali lugha nyingi za kompyuta, na ina kinasa kinachomwezesha hata asiye fundi kurekodi hatua zake. Hata hivyo, fundi asipoielekeza vyema kusubiri ukurasa ufunguke, hutangaza makosa yasiyokuwapo, hasa mtandao ukiwa mzito. Cypress huonyesha kila hatua waziwazi, lakini inamtaka fundi ajue JavaScript au TypeScript.

Playwright ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2020, nayo ni ya bure na ina kinasa. Husubiri yenyewe, tena ina amri ya kukata mtandao na kuurudisha, hivyo kosa la magunia 40 laweza kujaribiwa kabla ya msimu. Kwa mnunuzi wa kijijini, sifa hiyo inazidi nyingine zote.

Vyombo hivi vitatu hupima kurasa za kompyuta. Malipo ya kubonyeza *150*00# kwenye simu ya kawaida hayamo.

Faida huonekana zaidi viwango vinapobadilika. Kodi ya ongezeko la thamani iliposhuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, programu za mauzo zilihitaji kurekebishwa. Majaribio yaliyokwisha kuandikwa hurudiwa yote kwa muda mfupi. Lakini chombo hakijui jibu sahihi. Mnunuzi ampe fundi hesabu kumi za kweli kutoka daftari lake, zikiwemo za gunia pungufu na za mkulima aliyekwisha kuchukua fedha ya awali. Aidha, mkataba useme kwamba majaribio hayo yatakabidhiwa pamoja na programu, la sivyo fundi atakayefuata atalipwa kuyaandika upya.