MZIGO WA NDUGU

Msiba ukitokea kijijini, habari huwafikia watu wote. Lakini je, wote huenda msibani? Wako wanaosema, "Marehemu si wa dini yetu. Mimi siendi." Je, maneno hayo ni sawa?

Kabla ya kujibu, tusome habari za watu waliopita hapa kwetu Unyanyembe mwaka 1873. Walikuwa wamebeba maiti. Hawakuwa wa dini moja, lakini mzigo wao ulikuwa mmoja.

1. NJIA YA MISAFARA

Wewe unayekaa Itetemia au Kwihara unaishi kando ya njia maarufu. Njia hiyo ilianza Bagamoyo pwani. Ilipita Unyanyembe, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walipeleka pembe za ndovu pwani. Walirudi na nguo, shanga na waya za shaba.

Watu wa namna nyingi walikutana hapa. Wanyamwezi walimjua Mungu kwa jina la Likube. Walimwita pia Limatunda, yaani Muumba, na waliwakumbuka wahenga wao kwa matambiko. Waarabu na Waswahili walijenga nyumba za tembe, wakasali sala zao za Kiislamu. Baadaye walikuja Wakristo.

Lakini njia hiyo ilipitisha uovu pia. Watu waliswagwa kama mbuzi kwenda kuuzwa. Waliowauza walikuwa na Mungu waliyemwomba. Walikuwa na dini midomoni, lakini walisahau kwamba mtumwa naye ni ndugu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Miezi michache baadaye, maiti tunayoisoma habari zake ilifika Kwihara.

2. KIFO UGENINI

Maiti hiyo ilikuwa ya David Livingstone. Alikuwa Mskochi, mmisionari na msafiri, na alipinga biashara ya watumwa. Mwaka 1872 alikaa Kwihara miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Nyumba ya tembe ya ukumbusho wake iko Kwihara. Agosti 25, 1872 aliondoka kwenda kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chifu Chitambo. Mahali hapo sasa pako katika nchi ya Zambia.

Wenzake walifanya shauri. Tuwatazame watatu kati yao.

Abdallah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. Wakati huo alikuwa Mwislamu. Alibatizwa baadaye, mwaka 1886.

James Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wauza watumwa, akaokolewa mwaka 1861. Alibatizwa huko Bombay, Bara Hindi.

Jacob Wainwright naye alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani. Alisoma shule ya Wakristo Bara Hindi. Alijiunga na msafara huu Kwihara.

Wangeweza kumzika pale pale na kurudi kwao. Hakuna ambaye angewalaumu. Lakini waliamua kumrudisha kwa watu wake.

Kwanza waliogopa kumwambia Chifu Chitambo. Katika nchi nyingi mgeni akifa, wenzake walitozwa faini. Lakini Chitambo alipopata habari hakuwatoza. Aliwaambia kwamba yeye pia amewahi kusafiri hadi pwani. Alijua kwamba kifo humkuta msafiri njiani. Alikuja na wake zake na watu wake, na ngoma zikapigwa. Mwombolezaji alivaa njuga miguuni, akacheza na kuimba kwa sauti ya chini, kama ilivyokuwa desturi yao.

Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti. Jacob alisoma sala za mazishi za Kikristo. Maiti ilitiwa chumvi, ikakaushwa kwa jua siku kumi na nne. Kisha ilifungwa kwa nguo na gome la mti, ikatundikwa kwenye mti wa kubebea.

Hebu fikiri. Mwislamu alikuwapo. Mkristo alisoma sala. Chifu wa dini ya jadi aliomboleza kwa desturi yake. Hakuna aliyeacha dini yake. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

3. KWIHARA NA KASEKERA

Safari ilikuwa ngumu. Wengi waliugua njiani. Oktoba 1873 walifika Kwihara. Hapo walimkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapa Unyanyembe. Walikataa. Walikuwa wameahidiana kumfikisha pwani.

Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Waliogopa. Ndipo watu wa msafara walipofanya hila. Walifunga mabua kwa nguo, yakafanana na maiti. Watu sita wakayabeba kuelekea Unyanyembe, kana kwamba wanarudi kuzika. Walipofika porini waliyatupa, wakarudi kwa wenzao kwa siri. Maiti yenyewe ilifungwa upya ikaonekana kama robota la nguo, na msafara ukaendelea.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walikuwa wamesafiri miezi tisa. Maiti iliwekwa katika misheni ya mapadri Wakatoliki, ingawa Livingstone hakuwa Mkatoliki. Kutoka hapo ilipelekwa kwa meli. Ilizikwa London Aprili 18, 1874. Jacob alikuwa mmoja wa walioshika jeneza.

4. DINI ZINASEMAJE?

Tusidhani kwamba watu hao waliacha mafundisho ya dini zao. Waliyafuata.

Uislamu unafundisha kwamba kumzika maiti ni wajibu wa jamaa nzima. Wasipofanya wote, wote wana dhambi. Tena imepokewa kwamba Mtume Muhammad alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Alipoulizwa, aliwakumbusha wenzake kuwa yule naye alikuwa mtu.

Ukristo una mfano wa Msamaria. Mtu alipigwa na wanyang'anyi, akaachwa njiani. Watu wa dini yake walipita kando. Aliyemhudumia alikuwa wa kabila lingine, lenye ibada nyingine. Yesu alimtaja huyo kuwa ndiye jirani wa kweli.

Mila zetu nazo zina utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akifiwa, mtani mwenzake huja kusaidia kazi za msiba, na huleta mzaha ili wafiwa wapate nguvu. Utani hauulizi dini. Wazee wetu waliuona kuwa ni dawa ya ugeni.

Visima ni vitatu, lakini maji ni yale yale: mwenzako ni mtu kama wewe. Mtendee kama unavyotaka utendewe.

5. TUFANYE NINI KIJIJINI?

Kuheshimu dini ya mwenzako hakukulazimu kuacha yako. Sala na kuosha maiti tuwaachie wenye dini yao. Lakini kazi zipo nyingi ambazo kila mtu anaweza kufanya:

- Kuchimba kaburi.
- Kuteka maji na kukata kuni.
- Kulinda watoto na mifugo ya wafiwa.
- Kupeleka habari kwa ndugu walio mbali.
- Kutoa unga, maharage au fedha za rambirambi.

Jambo la kuchinja litunzwe kwa busara. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ulileta mapigano. Mchungaji mmoja aliuawa. Kitoweo kikaondoa uhai wa mtu! Basi tupatane mapema, kabla kisu hakijashikwa. Vijiji vingi humwomba Mwislamu achinje, ili wote wale pamoja. Penye ubishi, wazee wa pande zote wakae wazungumze. Ikishindikana, pikeni maharage. Dini zetu hazikatazi maharage.

Ndugu msomaji, wale wapagazi walibeba maiti ya mgeni kwa miezi tisa. Wewe huombwi kufika pwani. Unaombwa kuvuka uwanja tu, uingie kwa jirani aliyefiwa, umpe pole. Usipokwenda leo, mlangoni kwako kesho ataingia nani?

MANENO YA KUKUMBUKA

Mpagazi: mtu wa kubeba mizigo ya msafara.
Tembe: nyumba ya udongo yenye paa bapa.
Robota: mzigo wa nguo uliofungwa pamoja.
Wafiwa: watu waliopotewa na ndugu yao kwa kifo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Chifu Chitambo hakuwatoza faini wale wageni?
2. Wenyeji wa Kasekera waliogopa maiti. Je, wale wapagazi walifanya vema kutumia hila? Kila mmoja atoe sababu.
3. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi za msiba ambazo watu wa dini zote hufanya pamoja? Zipi zimeachwa? Kwa nini?
4. Mna mapatano gani kuhusu kuchinja? Kama hamna, nani aanze mazungumzo?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi ya rambirambi kwa jirani wa dini nyingine aliyefiwa. Isome mbele ya kikundi. Kisha iweke. Siku ya haja itakufaa.