Kupanda avoka nyuma ya nyumba

Ndugu walimaji, avoka iliyopandikizwa inaweza kuzaa kisha miaka 3 ao 4. Ile ya mbegu inakawia zaidi. Kosa la siku ya kupanda, jamaa italiona kisha miaka mingi.

1. Chimbeni shimo la sentimetre 60 kila upande. Udongo wa juu muweke pembeni, muuchanganye na samadi iliyooza, ndio urudi shimoni.
2. Kovu la kupandikiza libakie juu ya udongo.
3. Kati ya mti na mti, metre 8. Kwanza mupande maharagi humo.
4. Maji yakisimama, mizizi itaoza.
5. Muzungushe lupango, mbuzi wasile.

Huku Kivu mvua inarudi mwezi wa 9: mashimo yawe tayari. Kiangazi, kila mtoto amwagilie mti wake.