Kitanda Usichokilalia: Huruma na Kujitia Katika Hali ya Mwenzio Mitaani Eastlands

Utangulizi

Mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji la Nairobi, ina majina yanayobeba maadili. Kuna Umoja, Bahati, Shauri Moyo na Huruma. Aghalabu majina haya hutajwa na makanga wa matatu pasi na abiria kuyatafakari. Makala haya yanalichukua moja kati yake, Huruma, na kuichunguza dhana iliyomo ndani yake. Yanadhamiria kuonyesha kwamba huruma inayokuja baada ya msiba, ijapokuwa ni tukufu, haitoshi. Kwamba kazi yoyote inayogusa maisha ya watu humtaka mtendaji aihisi hali yao mapema. Na kwamba Kiswahili kina hazina ya kuufunza uwezo huo.

Huruma na kujitia katika hali ya mwenzio

Katika matumizi ya kawaida, huruma ni hisia ya kumsikitikia aliyepatwa na dhiki. Mwenye huruma anaweza kusimama nje ya dhiki hiyo, akaitazama na kutoa alicho nacho. Kujitia katika hali ya mwenzio ni hatua ya mbele zaidi: mtu hujaribu kuyaona mambo kutoka pale aliposimama mwenziwe. Wanafunzi wengi huieleza dhana hii kwa kusema "kuvaa viatu vya mwenzako", msemo ulioletwa mzimamzima kutoka Kiingereza. Hapana haja ya kuazima. Waswahili hunena: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hunena pia: Adhabu ya kaburi aijua maiti, na: Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Yamkini msomaji atapinga kwamba methali hizi zinakanusha uwezo unaojadiliwa. Ikiwa maiti pekee ndiye aijuaye adhabu ya kaburi, aliye hai ataijuaje? Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, maana ya methali hukamilika katika muktadha wa matumizi yake. Methali hizi aghalabu huelekezwa kwa mtu aliyeharakisha kuyahukumu maisha asiyoyaishi. Humwonya asijidai kujua. Anayelipokea onyo hilo hubakiwa na njia moja ya busara, nayo ni kumwuliza anayekilalia kitanda. Kwa hivyo, uwezo wa kumhisi mwenzio huanza kwa kukiri kutojua, kisha kuuliza, kisha kusikiliza.

Kazini: funzo la Huruma

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lenye vyumba vya kupangisha liliporomoka mtaani Huruma. Watu wapatao 50 walipoteza maisha. Wakazi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa walifukua kifusi kwa siku kadhaa. Tarehe 3 Mei mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya saa zipatazo 80. Tarehe 5 Mei, siku ya sita, watu wengine wanne walitolewa wakiwa hai. Kwa kipimo chochote, hiyo ilikuwa huruma iliyolistahili jina la mtaa.

Walakini, baada ya msiba maafisa wa serikali walieleza kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kutambuliwa kuwa halifai kukaliwa. Jengo jingine lilikuwa limeporomoka mtaani humo mnamo Januari 2015. Hatari ilijulikana, na wapangaji walikuwa bado ndani. Kati ya msingi wa nyumba na kitanda cha mpangaji hupita mikono mingi: mwenye ploti, fundi, mhandisi, mkaguzi na karani wa kutoa vibali. Kila mmoja aweza kuitimiza sehemu yake kwenye karatasi bila hata mara moja kuwaza juu ya atakayelala chumba cha chini usiku wa mvua.

Jijini Nairobi majengo yenye hatari huchorwa alama ya X nyekundu. Alama hiyo humwamuru mpangaji ahame. Haimwambii ahamie wapi. Anayejitia katika hali yake atauliza maswali mengine. Je, amana aliyoiweka atarudishiwa na nani? Kodi ya mwezi huu si amekwisha kuilipa? Akihamia mbali, atawezaje kwenda kwa miguu hadi kibaruani alfajiri? Watoto watasoma wapi? Asiyeyauliza maswali haya humwona mpangaji kuwa mkaidi. Aliyeyauliza hutambua kwamba kuchora ukuta ni mwanzo wa kazi, na kwamba kazi haijakwisha mpaka watu wapate pa kulala.

Maisha ya kila siku: neno "pole"

Eastlands ni makao ya watu wa jamii nyingi, na Kiswahili ndicho huwaunganisha katika matanga. Jirani akifiwa, wenziwe hukutana jioni, huunda kamati ya mazishi, huchanga fedha za kuusafirisha mwili hadi mashambani. Neno la kwanza linalosikika ni "pole". Neno hili hutamkwa hata na mtu asiye na kosa lolote. Hapo ndipo linapotofautiana na "samahani". Mswahili humwambia pole mgonjwa, aliyetoka safarini, hata anayefanya kazi. Kwa kulitamka, msemaji hukiri kwamba taabu ya mwenzake ameiona.

Lakini pole inaweza kuwa ya mdomo tu. Mama muuza mboga aliyefunga kibanda chake ili afuatilie cheti cha mtoto huambiwa, "Pole mama, rudi kesho." Karani ametumia neno la upole, ilhali hakuuliza mama amepoteza mauzo ya siku ngapi. Lau angeuliza, pengine angetambua kwamba jambo hilo lingemalizika siku hiyo hiyo.

Hitimisho

Makala haya yametofautisha huruma na uwezo wa kujitia katika hali ya mwenzio, na kuonyesha kwamba methali zinazoonekana kuukana uwezo huo ndizo zinazoelekeza namna ya kuupata. Inapendekezwa kwamba walimu wafundishe methali hizi pamoja na visa vya mazingira ya wanafunzi, hususan vya kazi watakazozifanya kesho. Mhandisi, muuguzi, karani na mwalimu wote wana kitanda ambacho wao hawakilalii.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti ya kimatumizi kati ya "pole" na "samahani" katika Kiswahili cha Nairobi.
2. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Je, methali hii inamlaumu mwenye shibe au inamwelekeza? Jadili.
3. Chagua kazi moja, kisha utaje maswali matatu ambayo mtendaji wake hana budi kumwuliza anayehudumiwa.